Simu za Vijana na Mwalimu Asiyekuwapo

Mtu ashukaye Kawangware katika matatu ya namba 46, akiisha kupita Hurlingham na Yaya na kuziacha nyuma nyua za Lavington zenye maua na mabawabu, hupokewa na Kiingereza kabla hajapokewa na mtu. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kinyozi na juu ya mabati ya saluni. Kimeandikwa juu ya kibanda cha kutengenezea simu na juu ya duka la dawa. Kimeandikwa ubavuni mwa matatu yenyewe pamoja na sura za waimbaji wa Marekani, na vifuani mwa watu, katika fulana za mitumba zinazotangaza mbio za hisani za miji ambayo mvaaji hajapata kuisikia. Lakini ukisimama ukatega sikio, makanga ananadi nauli kwa Sheng, mama mboga anapatana na mteja wake kwa Kiluhya au kwa Kikuyu, fundi wa viatu anajibizana na mwenziwe kwa Kiswahili, na hicho Kiingereza kilichotapakaa kila upande hakina msemaji. Kijana wa miaka 15 apitaye hapo kila siku akitoka shule amefundishwa lugha hiyo tangu chekechea, na mitihani yake karibu yote huandikwa kwayo. Lakini mwombe akueleze kwa Kiingereza njia ya kwenda Gatina, naye atacheka, atatazama chini, kisha atakujibu kwa Kiswahili.

Sioni insafu kumlaumu kijana huyo. Kwa muda wa miaka sitini, tangu Tume ya Ominde ilipopendekeza mwaka 1964 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza, tumekitendea Kiingereza kama kodi: kitu cha kulipwa kwa wakati wake, kwa mtu asiyeonekana, kwa khofu ya adhabu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukombozi wa akili, ameeleza jinsi kifungo kilivyopitishwa mkononi kwa mkono katika shule za zama za ukoloni, kila aliyenaswa akisema Kikuyu akikabidhiwa ampelekee mwenziwe atakayekosa baada yake, na jioni wote waliokishika wakaadhibiwa. Kifungo kimeondoka katika shule nyingi, lakini tabia iliyokizaa haijaondoka. Mtoto wa leo huandika insha kwa mtu mmoja tu, naye ni msahihishaji, ambaye kazi yake ni kuhesabu makosa, wala hajibu neno lolote juu ya yale aliyoambiwa. Insha juu ya safari ya Mombasa huandikwa na watoto wasiopata kufika Mombasa, kwa msomaji asiyejali kama walifika au hawakufika.

Kijana huyo huyo, jua likichwa, huandika bila ya kuamrishwa. Chumba ni kimoja, pazia limekigawanya. Mama amerudi kutoka kufua nguo za watu Kileleshwa, ameitoa simu mkobani na kuitia katika chaji. Na kabla ya ugali kuiva simu hiyo imekwisha kuwa mikononi mwa mwana. Bando ni la saa moja, kwa hiyo hapana nafasi ya kuzubaa: atasoma maneno ya watu wa Lagos na Manchester chini ya picha ya mchezaji wa mpira, atagombana nao juu ya penalti, atatazama vichekesho vya Nigeria vyenye maandishi ya Kiingereza chini yake, atamjibu binamu yake kwa maneno yaliyochanganya lugha tatu, na katika saa hiyo moja atakuwa amesoma na kuandika Kiingereza kingi kuliko alichokisoma na kukiandika shuleni tangu asubuhi. Somo hili la usiku lina wanafunzi, lina kitabu, lina shauku ambayo mwalimu wa mchana angeinunua kwa mshahara wake wote lau ingekuwa inauzwa. Kilichokosekana ni mwalimu mwenyewe. Na mahali pasipokuwa na mwalimu, wako watu wengine ambao hawakukawia kuja.

Hapa ndipo ninapokhitalifiana na wakubwa wengi, walimu na wazazi kwa pamoja. Wao wameyagawa mambo mawili mbalimbali: Kiingereza wamempa mwalimu wa Kiingereza, na usalama wa mtandaoni wamempa polisi, mhubiri na mwalimu wa nidhamu. Matokeo yake ni kwamba kijana hufundishwa lugha pasipo jambo la kuisemea, na hupewa maonyo pasipo lugha ya kuyatekeleza. Mimi nasema kwamba somo hilo ni moja. Mlaghai humjia kijana wa Kawangware aghalabu kwa Kiingereza; masharti ya programu aliyoikubali bila ya kuyasoma yako kwa Kiingereza; malalamiko yake, akitaka kumshtaki aliyemtukana, atayaandika kwa Kiingereza; na heshima ya kukataa bila ya kutukana wala kuomba radhi ni fani ya lugha kabla ya kuwa fani nyingine yoyote. Basi kitabu cha kwanza cha Kiingereza kwa kijana huyu na kiwe simu aliyo nayo, kisomwe mbele ya mtu mzima aliye karibu naye.

Nilikaa jioni moja katika darasa la namna hiyo, ndani ya chumba cha mabati nyuma ya kanisa, si mbali na Barabara ya Naivasha. Vijana walikuwa kumi na wachache, na simu zao zote zilikuwa tatu, moja imepasuka kioo kuanzia pembe hadi pembe. Mwalimu, msichana aliyemaliza chuo akawa hajapata kazi, alikuwa ameunakili ubaoni ujumbe ambao mmoja wao aliupokea juma lile, baada ya kufuta jina la aliyeupeleka na la aliyepelekewa. Mwandishi wa ujumbe alijitaja kuwa ni meneja wa kampuni ya mitindo huko Dubai, alimwita mpenzi msichana ambaye hajapata kumwona, alimsifu uzuri, alitaka picha mbili, moja ya uso na moja ya mwili mzima, kabla ya saa sita usiku, kisha akamsihi asimwambie mama yake kwanza, ili furaha itakapofika iwe ya ghafla.

Mwalimu hakuhubiri. Aliuliza maswali ya sarufi. Ni sentensi zipi zilizo za kuamuru? Malipo yametajwa kwa kauli gani? Yametajwa kwa kauli ya kutendwa: utalipwa. Vizuri; utalipwa na nani? Jina la kampuni liko katika mstari wa ngapi? Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye tangu tulipoingia alikuwa hajafungua kinywa, alisimama na kusema kwa Kiingereza chake cha kuchechemea kwamba amri zilikuwa nne na jina la kampuni halikuwapo hata mara moja. Darasa likanyamaza. Kisha wakatakiwa kila mmoja aandike jibu la sentensi mbili, la adabu, lisiloomba msamaha. Na katikati ya kuandika kukazuka mjadala mkali, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Sheng, juu ya kama mtu wa namna hiyo anastahili jibu lolote. Walikubaliana kwamba hastahili. Kwamba ujumbe upigwe picha uwe ushahidi, namba izuiwe, na mkubwa mmoja aambiwe. Majibu yao yaliyokwisha kuandikwa yalisomwa kwa sauti vivyo hivyo, nayo yalikuwa Kiingereza bora kuliko insha nyingi za safari ya Mombasa nilizopata kuzisoma.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili lawahusu watoto wadogo tu. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuwaonya raia wake na kuwaokoa wengine waliokuwa wamenaswa na matangazo ya kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika makambi ya utapeli, ambako walishurutishwa kuwalaghai watu wengine mtandaoni. Wengi wa hao walikuwa vijana waliosoma, na Kiingereza chao ndicho hasa kilichotafutwa na waliowanasa. Walijua kusoma, hawakupata kufundishwa kulishuku tangazo, kuuliza mwajiri ni nani, ofisi yake i wapi, na kwa nini nauli inalipwa upesi namna ile. Ustadi huo haumo katika mtihani wowote wa taifa, ilhali huweza kuanza kufundishwa mtu akiwa na miaka 13, kwa mifano inayoingia yenyewe kila siku bila ya kununuliwa.

Yako pia mambo makavu zaidi, ya mipangilio na tarehe, ambayo watu huyaruka kwa kuwa hayasisimui. Lakini mimi naomba ruhusa ya kukaa nayo kidogo. Facebook ina sura ya Kiswahili tangu mwaka 2009, na watu wachache sana Nairobi huitumia. Simu zetu husema Kiingereza, kwa sababu ndivyo zilivyotoka dukani na kwa sababu ya ghururi kidogo. Basi ukurasa wa mipangilio ni kifungu cha ufahamu kama kifungu kingine chochote, tena chenye faida ya papo hapo. Kampuni nyingi za mitandao hukataa mtu asiyetimiza miaka 13. TikTok huzifunga tangu mwanzo akaunti za walio chini ya miaka 16 zisionekane na kila mtu, huwanyima ujumbe wa faragha, na humzuia aliye chini ya miaka 18 kujitangaza moja kwa moja. Kinga hizo zote, nzuri au mbovu, zasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni tarehe ya kuzaliwa. Kijana aliyeandika kwamba alizaliwa mwaka 1995 ili afunguliwe mlango, huhesabiwa kuwa mtu mzima, akaletewa ya watu wazima. Na yule atumiaye simu ya mama yake, mtandao humdhani kuwa ndiye mama mwenyewe, mwenye miaka 38 na watoto watatu. Katika mitaa ambayo simu moja hutumiwa na nyumba nzima, kinga iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto mwenye simu yake mwenyewe humpita mtoto wetu juu ya kichwa. Kampuni zilizozibuni kinga hizo zaonekana hazikupata kufikiri juu ya chumba kilichogawanywa kwa pazia.

Wazee waliosoma katika miaka ya 1950 na 1960 watakumbuka marafiki wa kalamu. Majarida yalichapisha majina, na mwanafunzi wa Machakos au wa Tanga akamwandikia mwanafunzi wa Leeds, akamweleza juu ya ng'ombe wa baba yake na juu ya mvua, akangoja juma baada ya juma, na jibu likaja na stempu yenye kichwa cha malkia. Kiingereza cha watu wengi wa kizazi hicho, ambacho wajukuu wao hukistaajabia, kilinolewa katika barua hizo kwa kadiri kubwa, kwa sababu barua ilikuwa na msomaji mwenye hamu ya kujua. Lakini nataka kukumbusha jambo moja dogo lililosahauliwa: barua zile zilipitia sanduku la posta la shule. Rafiki wa Leeds hakupata kujua nyumba ya mwanafunzi ilipo, alijua S.L.P. ya shule, na barua ilipofika ilipita mezani kwa mwalimu, ambaye aghalabu hakuifungua, bali alijua kwamba imekuja na imetoka kwa nani. Ulikuwa ulinzi rahisi, usio na sheria wala kamati, nao ulitosha.

Sanduku hilo la posta ndilo tunalopaswa kulijenga upya, na hapa wema wenye haraka hukosea. Mwalimu mwenye ari hufungua kundi la WhatsApp, akawatia vijana thelathini, akaeneza kiungo cha mwaliko ili na wengine wajiunge, akafurahi. Hakukumbuka kwamba katika kundi la namna hiyo kila mwanachama huiona namba ya mwenziwe, na kwamba kiungo kilichoenezwa hakichagui mtu wa kukifuata. Njia iliyo salama zaidi ni ya kizamani zaidi: simu moja ya kituo, yenye namba ya kituo, ambayo kwayo vijana hupokezana kuandika na kurekodi chini ya jicho la mkubwa, akaunti moja ya darasa iliyofungwa, isiyotaja jina la mtoto, wala shule yake, wala steji anayoshukia, na wasomaji wanaojulikana, mathalani darasa jingine la namna hiyo la Kibera, au la Kisumu, au la Moshi, lenye mwalimu ambaye mwalimu wetu amekwisha kusema naye kwa mdomo. Kijana wa Kawangware amwandikie kijana wa Moshi juu ya bei ya viazi karai na juu ya mvua iliyoezua paa. Amweleze, bila ya kuonyesha uso wa mtu, jinsi chapati zinavyosukumwa alfajiri katika kibanda cha steji. Kwa mara ya kwanza atakuwa na msomaji asiyejua jambo ambalo yeye analijua, na hapo lugha hujitafutia maneno yenyewe.

Nausifu hasa ujumbe wa sauti. Mtoto aonaye haya kusema mbele ya darasa hukubali kusema na simu akiwa pembeni, akajisikiliza kabla ya kupeleka, akafuta, akarudia, akafuta tena. Mazoezi hayo ya kurudiarudia, ambayo hapana mwalimu mwenye wanafunzi sitini awezaye kumpa kila mmoja wao, simu huyatoa bure. BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, na mamilioni ya watu walijifunza kwa kusikiliza. Lakini redio haikuweza kumsikiliza mwanafunzi. Adui wa mazoezi haya ni kicheko. Nairobi ina mchezo mbaya wa kumcheka mtu anayekosea matamshi, anayeweka l mahali pa r, na kukosea huko kuna jina lake, kushrabu. Na maelfu ya watu, baadhi yao wasomi wakubwa, hujiburudisha mtandaoni kwa sauti ya mwananchi mwenzao aliyeteleza. Mtoto aliyekwisha kuona kicheko hicho kikimwangukia waziri, ataanzaje kufungua kinywa? Ndiyo maana kundi liwe dogo na lifungwe. Makosa ni mali ya darasa, na mtoto anayeyatoa nje kwa ajili ya kuchekesha watu aondolewe siku hiyo hiyo; hili ni jambo moja ambalo mimi singelitendea upole.

Na picha za nyuso? Hapa sheria imekwisha kusema, ingawa wengi hawajaisikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtoto zitumiwe pasipo idhini ya mzazi au mlezi wake, na mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini hiyo. Kiasi hicho kingejenga madarasa. Nayaandika haya nikiyakumbuka mashirika ya hisani ambayo kwa muda mrefu yamezoea kuiona Kibera kuwa ni studio isiyolipiwa kodi: mtoto hupewa kalamu, hupigwa picha akiipokea, na picha ikaenda ulimwenguni pamoja na jina lake na huzuni yake. Mtu anayekuja kuwafundisha vijana hadhari mtandaoni, huku nyuso zao zikiwa zimetundikwa katika ukurasa wa wafadhili wake, ana somo la kujifunza kabla ya kufundisha.

Lazima niseme na lisilopendeza kusemwa, kwamba hatari haitoki nje peke yake. Tume ya Kuajiri Walimu haikuutoa waraka wake namba 3 wa mwaka 2010, juu ya kuwalinda wanafunzi na dhuluma za kingono za walimu, kwa ajili ya kujaza makabati. Mwalimu mwenye namba ya simu ya msichana na sababu njema ya kumwandikia usiku ni hatari iliyofunguliwa mlango na wazazi wenyewe. Kwa hiyo wakubwa wawe wawili siku zote, mmoja wao mwanamke, na kusiwe na maandiko ya faragha baina ya mkubwa na kijana, hata ya kusahihisha herufi. Sahihisho likiwa la aibu, mwalimu na aliandike ubaoni bila ya jina, kama alivyofanya yule msichana wa chumba cha mabati.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kuzungukazunguka, na kwamba dawa ni kufunga. Mwezi wa Agosti 2023 Bunge la Taifa lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku Kenya. Australia nayo imewafungia walio chini ya miaka 16 akaunti za mitandao mikubwa tangu tarehe 10 Desemba 2025. Siwadharau wanaotaka hivyo. Mwezi wa Machi 2025 BBC ilitangaza habari za wasichana wa Kenya walioingia katika biashara ya kujiuza mbele ya kamera za TikTok wakiwa hawajafikia umri wa utu uzima, wakilipwa kwa vizawadi vya alama ambavyo kampuni nayo hukata sehemu yake. Na mtu aliyesoma habari hizo akalala vizuri, mimi simwelewi. Lakini marufuku yahitaji mtu wa kuyasimamia. Nyumba za Canberra zina mzazi nyumbani saa kumi na moja jioni, na kila mtoto na simu yake yenye jina lake. Kawangware saa kumi na moja jioni mama yuko njiani kwa miguu akirudi kutoka kazini, na mtoto yuko saiba, au kwa jirani, au na simu ya kaka. Sheria hiyo kwetu ingeufunga mlango wa mbele wa nyumba isiyokuwa na ukuta wa nyuma. Shule zimekwisha kuzipiga simu marufuku, na kwa saa za masomo naona ni sawa. Ila marufuku hayo huisha kengele ya jioni inapolia, na baada ya kengele hatukuweka kitu.

Na wale wanaokhofu kwamba kwa njia hii tunakiua Kiswahili, nawatuliza. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na kuzifanya lugha zote mbili kuwa rasmi. Kijana anayejua kuuliza maswali makali kwa lugha moja huyauliza kwa nyingine. Tena ujumbe wa kutaka pesa zitumwe kwa namba fulani, uliokwisha kuwafilisi mama zetu wengi, huja kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Na kazi hii katika mitaa ya Nairobi haianzi katika sifuri. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali, wakaichora Kibera katika ramani ya OpenStreetMap, ambamo kabla yake mtaa mzima ulikuwa kama haupo; mwaka uliofuata wengine wakachukua kamera ndogo wakaanzisha Kibera News Network, wakatangaza habari za mtaa wao wenyewe kwa video, badala ya kungoja mgeni aje kuzisimulia. Maktaba ya umma ya Kibera imewahi kuwafundisha watoto kwa vibao vya kompyuta, na shirika la Tunapanda limetandaza mtandao wa jamii unaoziunganisha shule na vituo vya mtaa huo. Watu hao hawakungoja mtaala. Yale wanayoyajua juu ya kusema na ulimwengu kutoka Kibera pasipo kudhalilika ni elimu ambayo wizara ingefaa kuja kuiomba kwa taadhima. Kawangware, nisemavyo kwa masikitiko, imebaki nyuma, ingawa iko umbali wa nauli moja ya matatu.

Ninayoyataka, basi, ni machache na bei yake ni ndogo. Kila kanisa, kila msikiti, kila kituo cha vijana kati ya steji ya 46 na Kibera kilicho na chumba kitupu baada ya saa kumi na moja, kitoe chumba hicho jioni mbili kwa juma, pamoja na simu moja, bando moja na wakubwa wawili wanaojulikana na mtaa. Walimu waliohitimu na kukosa ajira wapo tele. Walipwe kitu, hata kidogo, kwa kuwa kazi ya bure huchoka. Kamati za bunge zilizotumia miezi kuifikiria TikTok zitenge fedha za vyumba hivyo katika mfuko wa eneo bunge. Na mzazi, usiku wa leo, aishike simu yake na kuitazama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa katika akaunti anayoitumia mwanawe, amwambie mwana amsomee kwa Kiingereza kilichoandikwa hapo na amfasirie. Likitokea jambo ambalo mzazi mwenyewe hana la kulifanya, iko namba ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, nayo ni 116. Hupigwa bila ya malipo, mchana na usiku.